Kifua kinawaka kila usiku? Usikizoee kiungulia

UMETOKA kazini saa tatu usiku, mwili wote umechoka. Tangu asubuhi umekula mandazi mawili na chai tu pale steji ya Kitale, kisha gari likashika barabara: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, hadi Bungoma, halafu kurudi tena. Sasa njaa inauma kwelikweli. Unapiga chapo nne na madondo, unashushia soda baridi, unajitupa kitandani. Saa saba usiku unaamka kifua kinawaka kama jiko la makaa, maji makali yamejaa kooni na kikohozi kinakukaba.

Unaketi, unakunywa maji, unalaumu madondo. Asubuhi unapitia kwenye kemisti, unanunua tembe mbili za kutafuna na maisha yanaendelea. Usiku unaofuata, mambo ni yale yale.

Kama hiyo ni stori yako, basi keti tuongee. Uwe makanga, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii unayekesha na vitabu, mwendeshaji boda pale Kanduyi, au kijana unayepakia magunia ya mahindi Trans Nzoia msimu wa mavuno, kiungulia pengine unakijua vizuri. Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni siku ya kuacha tembe za dukani na kwenda kumwona daktari.

Kinachowaka ni nini?

Tumbo lako lina asidi kali inayosaidia kusaga chakula na kuua vijidudu. Ukuta wa tumbo umeumbwa kuistahimili. Umio, ile njia inayoshusha chakula kutoka kooni, haukuumbwa hivyo. Kati ya umio na tumbo pana msuli wa mviringo unaofanya kazi kama mlango: hufunguka chakula kikipita, kisha hujifunga. Mlango huo ukilegea, au tumbo likijaa kupita kiasi, asidi hupanda juu. Ikigusa umio, unahisi moto katikati ya kifua. Ikifika kooni, unapata ladha chungu au ya uchachu mdomoni.

Sasa angalia siku yako tena. Tumbo tupu mchana kutwa, mlo mmoja mkubwa usiku, soda yenye gesi, kisha kulala papo hapo. Ukiwa umesimama, uzito wa chakula husaidia asidi kubaki chini. Ukilala chali, msaada huo umeondoka. Kuinama nako kuna shida yake. Anayepalilia shamba au kubeba gunia mara tu baada ya kula hulikandamiza tumbo, na asidi hutafuta njia ya juu. Mshipi uliokazwa sana na kitambi hufanya kazi ile ile.

Sigara na pombe pia hulegeza ule mlango. Ndiyo maana baada ya sherehe watu huamka wakishika kifua. Akina dada wajawazito nao hupata kiungulia kwa sababu homoni hulegeza msuli huo na mtoto husukuma tumbo juu. Wao wasijinunulie dawa kiholela. Wamuulize muuguzi kliniki.

Si kila moto ni vidonda

Huku kwetu mtu akishika tumbo tu, jirani anamaliza: "Huyo ako na alsa." Ndipo kijana anaacha maharagwe mwaka mzima, anakunywa maziwa kila asubuhi, na hajawahi kupimwa hata siku moja.

Kiungulia na vidonda vya tumbo ni vitu viwili. Kiungulia huwaka kifuani na kupanda kooni, hasa baada ya kula, ukiinama au ukilala. Vidonda huleta maumivu zaidi sehemu ya juu ya tumbo, chini ya mbavu, na mara nyingi husababishwa na bakteria wanaoitwa H. pylori au na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria hao na jinsi wanavyosababisha vidonda. Maana yake kwako ni hii: kama ni vidonda vya bakteria, kuna dawa za kuviponya. Huhitaji kuishi ukikimbia maharagwe.

Kuhusu maziwa, hutuliza kwa muda mfupi tu. Baadaye protini iliyomo huamsha tumbo kutoa asidi zaidi.

Anzia jikoni na kitandani

Kiungulia cha mara moja moja mara nyingi hutulia ukibadilisha mambo machache. Hayahitaji pesa nyingi.

Kwanza, gawa mlo. Badala ya sahani moja ya mlima saa tatu usiku, kula kitu cha maana mchana, hata kama ni githeri ya kibandani, kisha usiku ule kiasi. Acha saa tatu hivi kati ya chakula cha mwisho na kulala. Najua ratiba ya gari haikuruhusu kila siku. Basi siku ukichelewa, punguza kiasi na uache vya kukaangwa kwa mafuta mengi.

Pili, inua kichwa cha kitanda. Weka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu ya upande wa kichwani, kipande kipande hadi kitanda kiinuke sentimita 15 hadi 20, na uhakikishe hakiyumbi. Kurundika mito hakusaidii sana, kwa kuwa hukunja tumbo. Ukiweza, lala kwa ubavu wa kushoto. Kwa jinsi tumbo lilivyokaa, upande huo huzuia asidi kupanda.

Tatu, jichunguze. Vyakula vinavyochokoza hutofautiana kati ya mtu na mtu: pilipili, nyanya, machungwa, kahawa, chokoleti, vyakula vya mafuta, soda. Usiviache vyote kwa mkupuo. Andika kwenye simu kwa wiki mbili ulichokula, saa, na kama kiungulia kilikuja. Utamjua adui wako bila kubahatisha, na daktari akikuuliza utakuwa na jibu.

Nne, kama una uzito uliozidi, kuupunguza kidogo tu husaidia. Kuacha sigara pia.

Kuhusu dawa za kemisti

Kuna makundi mawili utakayokutana nayo zaidi. La kwanza ni zile za kutafuna au za maji meupe, ambazo hupoza asidi iliyopo kwa dakika chache. Zinafaa kwa kiungulia cha hapa na pale. La pili ni dawa kama omeprazoli, zinazopunguza asidi inayotengenezwa na tumbo. Hizi hunywewa takriban nusu saa kabla ya kiamsha kinywa, na huchukua siku kadhaa kufanya kazi kikamilifu. Wengi huimeza moto ukishawaka, kisha wanasema dawa ni feki.

Ukizitumia kwa siku 14 na hali ikabaki vile vile, au ikarudi mara tu unapoziacha, usinunue pakiti nyingine. Hapo ni daktari au afisa wa kliniki anayefaa kukuona.

Kwa baadhi ya nyumba utashauriwa ulambe majivu au unywe magadi soda. Ni kweli vitu hivyo hupoza asidi, lakini magadi huleta gesi nyingi tumboni na yana chumvi ambayo si nzuri kwa mwenye shinikizo la damu. Usiyafanye dawa ya kila siku.

Jambo moja zaidi: tembe nyingine zenyewe huchoma umio. Doksisaiklini, ambayo vijana wengi huandikiwa kwa chunusi au maambukizi, ni mojawapo. Imeze ukiwa umeketi wima, kwa gilasi nzima ya maji, na usilale kwa angalau nusu saa.

Dalili za kukupeleka hospitalini

Dalili zifuatazo haziendi kemisti. Zinaenda hospitalini, hata kama una miaka 22 na unajiona ngangari.

Nenda wiki hii kama chakula kinakwama au kinauma ukimeza. Kama unapungua uzito bila kujaribu. Kama unatapika mara kwa mara. Kama sauti imekauka kwa wiki kadhaa. Au kama kiungulia kinakujia zaidi ya mara mbili kwa wiki licha ya kubadilisha mlo. Nenda pia kama unachoka ovyo na kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo, kwani huenda unapoteza damu polepole bila kuiona.

Nenda leo, bila kungoja asubuhi, ukitapika damu au kitu kinachofanana na unga wa kahawa, au ukipata choo cheusi kama lami.

Na kama kifua kimebana, maumivu yanaenda mkononi, shingoni au kwenye taya, unatoka jasho jembamba na pumzi zinakatika, usijiambie ni kiungulia. Huenda ni moyo. Tafuta usafiri hadi idara ya dharura sasa hivi, na usijiendeshee pikipiki mwenyewe.

Kwa nini tunasisitiza kuhusu kumeza

Eneo letu lina sababu ya kipekee ya kuwa macho. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi Kenya, na ukanda wa magharibi na Bonde la Ufa umo katika mkanda mrefu wa mashariki mwa Afrika ambako ugonjwa huu ni wa kawaida kuliko sehemu nyingi za dunia. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, iliyotibu wagonjwa wengi wa saratani hii, imewapokea hata vijana wasiofika miaka 30.

Usishtuke kupita kiasi. Wengi wa wenye kiungulia hawatapata saratani kamwe, na aina ya saratani ya umio iliyoenea huku haitokani hasa na asidi. Inahusishwa na mambo kama sigara, pombe na vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za joto katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Utafiti uliofanyika Eldoret nao ulihusisha chai ya moto sana na saratani ya umio. Kwa hivyo ile chai unayoinywa ingali inatoa mvuke ili usiachwe na gari, ipe dakika chache ipoe.

Hatari ni kwamba mgonjwa huanza kwa kusema "ni kiungulia tu". Ugali ukianza kukwama, anauteremsha kwa maji. Ukikataa, anahamia uji. Anapofika hospitalini, miezi imepita na nafasi ya kutibiwa imepungua. Kiungulia cha miaka mingi nacho kinaweza kubadilisha utando wa umio na kuleta makovu yanayoubana. Yote haya hugunduliwa kwa kipimo kimoja: endoskopi, ambapo daktari hushusha mrija mwembamba wenye kamera hadi tumboni. Hakipendezi, lakini huchukua dakika chache, na hupewa dawa ya kutia ganzi kooni au ya kukutuliza.

Ukienda, sema nini?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Tangu Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF, na unaweza kujisajili kwa kupiga *147# hata ukiwa kwenye foleni ya gari. Ukihitaji huduma zaidi, utaelekezwa hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe Kitale au Bungoma, au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret.

Beba zile kumbukumbu za simu yako. Taja dawa zote unazotumia, pamoja na za maumivu, za mitishamba na zile ulizojinunulia. Usifiche pombe wala sigara. Daktari hakuulizi ili akuhukumu. Kama kuna mtu wa familia aliyewahi kuugua saratani ya umio au tumbo, sema.

Ukiambiwa upimwe H. pylori, uliza ni kipimo gani. Cha damu hakiwezi kutofautisha maambukizi ya sasa na ya zamani. Cha choo au cha pumzi ni bora zaidi. Na omeprazoli huweza kuficha bakteria hao, kwa hivyo mweleze daktari kama umeitumia wiki mbili zilizopita.

Usiku wa leo, kabla ya kuagiza chapo ya nne, jiulize maswali mawili: Ni mara ngapi wiki hii kifua kimewaka? Na je, chakula kinashuka vizuri? Kama jibu la la kwanza ni moja na la pili ni ndiyo, inua kitanda na upunguze sahani. Kama sivyo, kesho mwombe mwenzako akushikie zamu asubuhi, uende ukaonwe.