Corona: namna RDC na majirani zake wanne walivyopambana na ugonjwa mmoja, kila mmoja kivyake

GOMA – Tarehe 7 mwezi wa tatu 2022, Rwanda ilifungua tena mipaka yake ya nchi kavu. Kwa wamama wachuuzi wa Goma na Gisenyi, siku hiyo ilimaliza karibu miaka miwili ya mahangaiko. Malori ya mizigo yalikuwa yanaendelea kupita. Lakini mama mwenye beseni la nyanya kichwani, anayevuka asubuhi na kurudi jioni na pesa ya unga, huyo ndiye aliyebaki amezuiwa.

Kabla ya corona, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wanapita kila siku kwenye Petite Barrière, kati ya Birere na Gisenyi. Nyanya, kabichi, maziwa na nyama vilitoka Rwanda. Vitenge, viatu na bidhaa za duka vilitoka Goma. Wengi wa wachuuzi hao ni wanawake, na mtaji wao ni mdogo: siku ukikaa bila kuvuka, mtaji unaliwa na watoto nyumbani.

Ugonjwa ulikuwa mmoja. Ila kutoka Kasindi mpaka Kalemie, kila jirani alikuwa na sheria yake.

Kigali yafunga haraka

Rwanda ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 14 mwezi wa tatu 2020. Wiki moja baadaye, tarehe 21, iliamuru watu wote wabaki nyumbani, kati ya nchi za kwanza za Afrika kufanya hivyo. Mipaka ikafungwa, isipokuwa kwa mizigo na kwa raia wanaorudi kwao. Polisi ilifuatilia kwa karibu: barakoa, kunawa mikono, saa za kurudi nyumbani. Serikali iligawa chakula kwa familia zinazoishi kwa kibarua cha siku. Katika maabara, wataalamu walichanganya sampuli za watu wengi na kuzipima pamoja ili kuokoa vifaa.

Ukali huo haukuisha na wimbi la kwanza. Mwezi wa saba 2021, Kigali na wilaya nane zilifungwa tena, Rubavu ikiwemo. Rubavu ndiyo wilaya ya Gisenyi, kwa hiyo Goma nayo ilisikia uzito wake.

Kinshasa: dharura juu ya dharura

Upande wa Congo, mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu 2020. Tarehe 24, rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura, akafunga mipaka na kutenga Kinshasa na mikoa mingine. Komine ya Gombe ilifungwa kuanzia tarehe 6 mwezi wa nne. Lakini serikali haikufunga nchi nzima nyumbani: watu wengi wanakula kwa kile walichokitafuta siku hiyo hiyo. Hali ya dharura iliisha mwezi wa saba, na mipaka ikafunguliwa katikati ya mwezi wa nane.

Mashariki, corona ilikuta vita nyingine ya afya haijaisha. Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 Kivu Kaskazini na kuenea hadi Ituri, ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200. Mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Kwa hiyo ndoo za kunawia mikono na kipimo cha joto kwenye paji la uso havikuwa vitu vigeni Goma, Beni na Butembo. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyeongoza mapambano ya Ebola, ndiye aliyekabidhiwa pia ya corona. Ila kulikuwa na uchovu. Watu waliohofia kila siku kushambuliwa na makundi yenye silaha walikuwa wamechoka kusikia habari za magonjwa.

Burundi na Tanzania: kwanza sala, kisha mabadiliko

Bujumbura iko karibu kabisa na Uvira, lakini wakati wengine wanafunga, Burundi ilifanya mikutano mikubwa ya kampeni na kupiga kura tarehe 20 mwezi wa tano 2020. Siku chache kabla ya uchaguzi, mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani na wenzake watatu waliamriwa kuondoka. Viongozi walisema Mungu anailinda Burundi. Tarehe 8 mwezi wa sita, rais Pierre Nkurunziza alifariki. Serikali ilisema moyo ulisimama. Mrithi wake, Évariste Ndayishimiye, alibadili lugha mwisho wa mwezi huo. Aliita corona adui mkubwa wa Warundi, bei ya sabuni ikapunguzwa, na upimaji wa watu wengi ukaanza.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, njia ilifanana. Tanzania iliacha kutoa takwimu mwisho wa mwezi wa nne 2020, ikiwa na wagonjwa 509 na vifo 21. Rais John Magufuli alitia mashaka kwenye vipimo, akisema hata papai na mbuzi vilionekana na corona, na mwezi wa sita akatangaza kwamba sala zimeuondoa ugonjwa. Majirani hawakukubali. Zambia ilifunga kwa muda mpaka wa Nakonde, njia ya malori yanayobeba shaba ya Congo kwenda Dar es Salaam. Rwanda nayo ilidai madereva wa Tanzania wabadilishwe mpakani Rusumo, na madereva wakagoma.

Magufuli alifariki tarehe 17 mwezi wa tatu 2021. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na mwezi wa saba alichanjwa mbele ya kamera.

Uganda: watoto ndio walilipa

Uganda ilifunga kila kitu mapema, na kupima madereva wa malori mipakani. Shule zilifungwa mwezi wa tatu 2020, na zilifunguliwa kabisa tarehe 10 mwezi wa kwanza 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine duniani. Wasichana wengi walipata mimba, wavulana wengi waliingia kazini, na wengine hawakurudi darasani.

Hata hivyo, mwanzoni mwa mwezi wa saba 2020, Uganda ilifungua mpaka kwa siku tatu ili kupokea maelfu ya Wacongo waliokimbia mauaji Ituri.

Chanjo: tofauti ikaonekana

RDC ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca tarehe 2 mwezi wa tatu 2021, lakini ilichelewa kuanza kwa sababu ya mashaka yaliyotoka Ulaya. Kazi ilianza tarehe 19 mwezi wa nne, na dozi karibu milioni 1.3 zilipelekwa nchi zingine kabla hazijaharibika. Mwisho wa 2021, hata Mcongo mmoja kati ya mia hakuwa amekamilisha chanjo. Rwanda ilikuwa imepita asilimia 40. Burundi ilianza mwezi wa kumi tu.

Kwa hesabu zilizotangazwa, Uganda ilipoteza zaidi ya watu 3,600. RDC na Rwanda kila moja zaidi ya 1,400. Tanzania zaidi ya 800. Burundi chini ya 50. Lakini hesabu hizo zinaonyesha pia nani alipima. Mtu aliyekufa kijijini bila kupimwa hayumo kwenye orodha, na hatua ambazo nchi ilichukua haziwezi kupimwa kwa namba hizo pekee.

Somo la Petite Barrière

Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, volkano Nyiragongo ilipolipuka, maelfu ya wakaaji wa Goma walikimbilia Rwanda na magodoro na watoto mgongoni. Barrière iliyokuwa imebanwa kwa wachuuzi ilifunguka kwa wakimbizi. Virusi havikuwa vimeisha. Ila usiku huo kila upande ulijua hatari ipi ni kubwa zaidi.

Mwaka wa 2024, mpox iliyoanzia Kamituga, Kivu Kusini, ilifika Burundi, Rwanda na Uganda. Safari hii mipaka haikufungwa. Rwanda ilianza kuchanja watu walio hatarini mwezi wa tisa; RDC ilifuata tarehe 5 mwezi wa kumi, ikianzia Goma. Tarehe bado zilitofautiana, na ratiba moja ya pamoja haikuwepo. Lakini mama mwenye beseni aliendelea kuvuka, akanawa mikono, akauza nyanya zake, na jioni akarudi na unga.