Ngozi, Vumbi na Usukani: Kuvisha Upya Ndani ya Gari Mbulu na Hanang

Sehemu kubwa ya magari yanayopita katika barabara za wilaya za Mbulu na Hanang, kuanzia Noah na Hiace za abiria hadi Land Cruiser za hospitali na mashamba, huingia Tanzania yakiwa yameshatumika Japani kwa miaka kadhaa, na kitu ambacho mnunuzi hukikagua mwisho, yaani vifuniko vya ndani, ndicho huanza kuchakaa mapema. Vifuniko vya ndani ni kila kinachoficha chuma na plastiki ngumu katika chumba cha abiria: kitambaa cha viti, ngozi ya usukani, paneli za milango, kapeti ya sakafuni, na silingi, ambayo ni kitambaa kilichobandikwa kwenye ubao chini ya bati la paa. Kazi ya kuvibadili huweza kufanyika nyumbani kwa mkono, bila cherehani ya fundi viti, mradi mwenye gari aijue malighafi anayoishika na mazingira ambamo itatumika.

Mazingira hayo ni makali kuliko ubaridi wake unavyoashiria. Mji wa Mbulu na mji wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kadiri nchi inavyoinuka ndivyo hewa inavyopungua uwezo wa kuchuja miale ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua inayovunja rangi na nyuzi. Gari lililofungwa vioo na kuachwa mnadani kutwa nzima laweza kufikisha nyuzijoto 70 juu ya dashibodi, hata kama usiku wa Julai wenyeji walijifunika mablanketi mazito. Ngozi bandia iliyotengenezwa kwa plastiki ya PVC hubaki laini kwa sababu ya mafuta maalumu, yaitwayo vilainishi, ambayo huchanganywa nayo kiwandani. Joto huyatoa mafuta hayo polepole, sehemu yake ikiganda kama ukungu wa mafuta upande wa ndani wa kioo cha mbele, na plastiki iliyobaki hukakamaa na kupasuka. Juu ya hayo huja vumbi, ambalo barabara za changarawe hulitoa kwa wingi wakati wa kiangazi: chembe zake hujipenyeza katikati ya nyuzi, na kila abiria anapojisogeza kitini huzikata nyuzi hizo kidogo kidogo. Ndiyo maana kava za manyoya zinazouzwa tayari, ambazo wengi huzinunua kwa ajili ya kukilinda kiti, kwa kweli hufuga vumbi na kukisaga kiti kwa chini.

Ngozi halisi huhimili hali hii vizuri zaidi, na katika wilaya hizi za wafugaji ngozi si kitu cha kutafutwa mbali. Wanawake wa Kibarbaig wameshona sketi za ngozi zenye mapindo na shanga kwa vizazi vingi, na Wairaqw nao walikuwa na sketi zao za ngozi zilizotariziwa kwa shanga, kiasi kwamba ujuzi wa kuuelewa mwili wa ngozi, upi ni upande wa mgongo usiovutika na upi ni wa tumbo unaolegea, una historia ndefu hapa kuliko gari lenyewe. Hata hivyo ngozi iliyokwanguliwa na kulainishwa kwa mafuta haifai kuvishwa garini ilivyo. Haijasindikwa kikamilifu, ikilowa kisha ikakauka hukakamaa, ikiwa na unyevu hunywea inapofikia nyuzijoto 60 hivi, na wadudu walao ngozi huifuata. Kusindika ni kuziunganisha nyuzi za ngozi na kemikali ili zisioze wala kunywea. Kemikali hiyo ni ama chumvi ya kromu, ambayo huipa ngozi rangi ya buluu kabla ya kutiwa rangi nyingine na kuiwezesha kustahimili maji yanayokaribia kuchemka, ama tanini, dawa itokayo katika magome ya miti kama miwati, ile inayolimwa Njombe kwa kazi hiyo hiyo. Kwa usukani na viti ngozi ya kromu ndiyo inayofaa, kwa kuwa ni laini na hainywei kwa jasho. Ngozi ya tanini hufaa zaidi pale panapotakiwa umbo la kudumu, kama vile juu ya paneli ya mlango, kwa sababu ikiloweshwa hukubali kufinyangwa. Lipo sharti jingine lisilojulikana sana: tanini ikikutana na chuma katika unyevu hufanya doa jeusi lisilotoka, kwa hiyo vifungo na misumari ya mapambo juu ya ngozi hiyo iwe ya shaba au ya alumini.

Usukani ndio mahali pazuri pa kuanzia, maana kazi yake ni ndogo kwa eneo na kubwa kwa matokeo. Ngozi ya mbuzi yenye unene wa milimita moja hivi hutosha. Duara la usukani wa gari dogo lina kipenyo cha sentimita 38 hivi, maana yake ukingo wa nje una urefu unaokaribia sentimita 120, lakini kipande cha ngozi hakikatwi kwa kukisia: usukani huzungushiwa kwanza karatasi ya nailoni, kisha utepe wa karatasi wenye gundi juu yake, mstari wa mshono huchorwa upande wa ndani unaotazama katikati, na ganda lote hukatwa kwa wembe likalazwa mezani kuwa kielelezo. Upana wa kielelezo hupunguzwa milimita tatu au nne, kwa kuwa ngozi isiyovutwa kwa nguvu itazunguka mkononi mwa dereva, na usukani unaoteleza ndani ya vazi lake ni hatari kuliko usukani mkuukuu. Matundu hutobolewa kwa umbali wa milimita tano kwa kitoboleo cha mshona viatu, na idadi yake lazima ilingane pande zote mbili. Uzi uwe wa poliesta uliopakwa nta, kwa kuwa nailoni hudhoofishwa na jua mapema zaidi. Sindano mbili hufanya kazi kwa zamu, zikipishana kama kamba za viatu, na mshonaji huanza kwenye mkono wa usukani ili fundo lifichike. Ngozi haipaswi kugusa kifuniko cha katikati kilichoandikwa SRS, kwani chini yake umo mfuko wa hewa unaofumuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Shanga au nembo iliyobandikwa hapo hugeuka risasi.

Mwenye hamu ya shanga, na katika nchi ya Wabarbaig hamu hiyo ni halali kabisa, ana mahali panapomfaa zaidi: kifuniko cha gia, ambacho ni sketi ndogo ya vipande vinne vilivyopanuka chini na kubana juu.

Silingi huwakatisha tamaa wengi bila sababu. Kitambaa chake kimebandikwa juu ya sponji nyembamba ambayo, baada ya miaka ya joto na unyevu, husagika kuwa unga, hivyo kitambaa hushuka na kugusa vichwa vya abiria. Kupaka gundi mpya juu ya unga huo ni kupoteza gundi. Ubao wa silingi hutolewa nje, sponji yote hukwanguliwa kwa brashi hadi ubao uwe safi, na kitambaa kipya chenye sponji yake hubandikwa kuanzia katikati kuelekea pembeni kwa gundi inayovumilia joto, kwani gundi ya kawaida ya viatu huachia katika wiki ya kwanza ya jua kali.

Viti hudai tahadhari zaidi kuliko ustadi. Kanuni ya Marekani iitwayo FMVSS 302, inayotumika tangu 1972, hairuhusu kitambaa cha ndani ya gari kuungua kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Kitenge chepesi cha pamba, kinachopendwa kwa kava za nyumbani, huweza kuwaka upesi kuliko hapo, wakati ngozi na sufu hubabuka na kusita. Kabla ya kununua kitambaa, ukanda wake mwembamba uchomwe kwa kiberiti uani, mbali na gari. Kisha ichunguzwe lebo ndogo pembeni mwa egemeo la kiti cha mbele: ikiwa ina neno AIRBAG, mshono wa upande huo umetengenezwa makusudi upasuke mfuko unapofumuka, na kava yoyote inayoufunika kwa uzi imara haiuruhusu kupasuka, kwa hiyo upande huo huachwa wazi au hupewa kava iliyokatwa nafasi hapo.