Mfuko wa hatifungani: Mshahara wa kila mwezi bila mwajiri?

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

MGODI wa Buzwagi wilayani Kahama ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na kusitisha uzalishaji mwaka 2021. Mgodi unapofika mwisho, aliyezoea mshahara wa kila mwezi hujikuta ameshika mafao yake yote kwa mkupuo, na akikosea mara moja hana mengine.

Wengi hukimbilia nyumba ya kulala wageni au pikipiki. Wengine huvutwa na upatu wa kitapeli. DECI, ambako watu walikuwa 'wakipanda mbegu' wakisubiri kuvuna, ilisimamishwa na Serikali mwaka 2009, fedha za wengi zikiwa ndani. Njia inayozungumzwa kwa nadra ni mfuko wa hatifungani.

Hatifungani ni hati ya mkopo. Serikali hukopa kupitia minada ya Benki Kuu, hulipa riba mara mbili kwa mwaka na kurejesha mtaji muda ukiisha, ambao unaweza kufika miaka 25. Mfuko hukusanya fedha za watu wengi na kununua hati nyingi zenye tarehe tofauti za malipo. Kwa kuwa riba huingia kwa nyakati mbalimbali, meneja wa mfuko anaweza kugawa kitu kila mwezi.

Hapa nchini UTT AMIS, kampuni ya Serikali iliyo chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ilianzisha Mfuko wa Hatifungani mwaka 2019. Ulipoanza, kipande kimoja kiliuzwa Sh100. Anayetaka gawio la kila mwezi aliwekewa kiwango cha kuanzia Sh milioni 10, na la kila miezi sita Sh milioni 5. Anayeacha gawio likuze mtaji aliruhusiwa kuanza na Sh50,000.

Tuseme mfuko unagawa asilimia 12 kwa mwaka. Milioni 10 zitatoa Sh100,000 kwa mwezi. Ndiyo, ni ndogo kuliko mshahara wa mgodini, na ni vyema mtu alijue hilo kabla ya kuaga kazi.

Aidha, asilimia hiyo si ahadi. Mwaka 2021 hatifungani ya miaka 25 ilitolewa kwa riba ya asilimia 15.95, mwaka 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hati mpya za muda huo hadi asilimia 12.56. Hati za zamani hubaki na riba yake, lakini kila fedha mpya inayoingia mfukoni hununua hati za riba ya chini, na gawio hupungua polepole. Riba ikipanda, hati za zamani hushuka bei sokoni, na bei ya kipande inaweza kushuka nazo. Mwenye haraka ya kuuza wakati huo ndiye anayeumia.

Ipo pia mifuko ya nje inayonunua hati za nchi zinazoinukia kiuchumi, nyingi zikiwa za dola. Riba yake huvutia kwa sababu ya hatari iliyomo. Zambia ilishindwa kulipa riba ya hati zake za nje Novemba 2020, na Ghana ikasitisha malipo ya sehemu kubwa ya deni lake la nje Desemba 2022. Kwa mtu wa Kahama au Geita anayenunua unga kwa shilingi, panda-shuka ya dola ni mzigo mwingine.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mfumuko wa bei. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, Sh100,000 baada ya miaka 10 itanunua kile ambacho leo kinapatikana kwa Sh67,500 hivi. Kwa sababu hiyo, mwenye kipato kingine, hata cha shamba la mpunga, afadhali asichukue gawio lote. Sehemu airudishe mfukoni inunue vipande vipya.