Thamani ya Jina la Mchezaji

Jioni ya tarehe 5 Oktoba 2024, katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee, umati wa wanafunzi ulishuka uwanjani, ukaling'oa goli la chuma, ukalibeba mabegani kupita katika barabara za mji mwendo wa zaidi ya maili mbili, hata ukafika ukingoni mwa mto Cumberland, na huko ukalitosa majini. Asiyejua habari angedhani ni ghasia, kumbe ilikuwa ni furaha isiyo na mahali pa kuwekwa. Kwani Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilikuwa kimeishinda Alabama, timu iliyoshika nafasi ya kwanza nchini siku ile, kwa pointi 40 kwa 35, na wengi katika wale waliolibeba goli walikuwa hawajazaliwa Vanderbilt ilipoishinda Alabama mara ya mwisho, mwaka 1984.

Kijana aliyeiongoza Vanderbilt, Diego Pavia, hakutakwa na chuo kikubwa hata kimoja alipomaliza sekondari. Alianzia katika chuo kidogo cha kijeshi cha New Mexico, akahamia New Mexico State, na kutoka huko akafika Nashville pamoja na baadhi ya makocha wake wa zamani. Miaka kumi nyuma uhamisho wa namna hiyo kwa kawaida ungemgharimu mchezaji mwaka mzima wa kutazama wenzake wakicheza, na kama angethubutu kupokea hata dola mia kwa kutia sahihi yake juu ya picha, angefungiwa. Siku hizi kuhama ni halali, na kuuza jina ni halali. Mambo hayo mawili, yaliyokuja karibu wakati mmoja, ndiyo yaliyogeuza mizani ya futiboli ya vyuo vya Marekani.

Msomaji aliyezoea kandanda hana budi kuelezwa kwamba futiboli ya Wamarekani ni mchezo mwingine, wa mpira wenye ncha mbili, unaoshikwa kwa mikono zaidi kuliko unavyopigwa kwa miguu, na mchezaji aliye ghali kuliko wote ni kwotabeki, yule anayeupokea mpira mwanzoni mwa kila shambulio na kuamua kwa nukta chache ampe nani. Lakini la ajabu zaidi ni mahali unapochezwa. Kijana wa Kimarekani hapandi kutoka timu ya mtaa hadi klabu ya kulipwa. Hupita chuo kikuu, na chuo kikuu hicho huweza kuwa na uwanja kama ule wa Michigan, unaokalisha watu zaidi ya 107,000, na kocha anayelipwa mamilioni ya dola kwa mwaka, na haki za matangazo zinazonunuliwa na stesheni za televisheni kwa mabilioni. Katika neema yote hiyo, mchezaji alikuwa akipewa masomo, chakula na malazi. Kilichozidi hapo kiliitwa rushwa.

Amri hiyo ililindwa na chama kiitwacho NCAA, kilichoasisiwa mwaka 1906 baada ya vijana kadhaa kufa viwanjani, na msingi wake ulikuwa neno zuri: ridhaa. Mchezaji wa ridhaa hucheza kwa mapenzi, wala haombi ijara. Katika miaka ya 1950 mkuu wa chama, Walter Byers, na wenzake walibuni jina la mwanafunzi-mwanamichezo na kuliingiza katika kila karatasi, nalo halikuwa pambo la lugha, bali ngao ya sheria. Mwaka 1955 mchezaji wa chuo kimoja cha Colorado alikufa kwa jeraha la kichwa alilolipata mchezoni. Mjane wake akadai fidia kama mke wa mfanyakazi yeyote aliyefia kazini, na mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo ikamnyima, kwa hoja kwamba chuo kile hakikuwa katika biashara ya futiboli. Kila nikikumbuka shauri hilo huona vigumu kuwasikitikia wale wanaolia leo kwamba fedha zimeuharibu mchezo. Byers mwenyewe, baada ya kustaafu, aliandika kitabu mwaka 1995 kuukosoa mfumo alioujenga kwa mikono yake.

Wala fedha hazikuwa zimekosekana, zilikuwa zimefichwa. Mwaka 1987 chuo cha SMU cha Dallas kilifutiwa msimu mzima kwa sababu matajiri wapenzi wa timu walikuwa na mfuko wa siri wa kuwalipa wachezaji, na adhabu ile ilikiangusha chuo kwa muda wa miaka ishirini. Reggie Bush wa chuo cha USC alishinda tuzo ya Heisman ya mwaka 2005, tuzo iliyo kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo, akaiachia mwaka 2010 kwa ajili ya zawadi alizopokea yeye na jamaa zake. Aliregeshewa Aprili 2024, wakati ambapo vijana waliomfuata walikuwa wakipata fedha mchana kweupe.

Kuta zilibomoka kwa mahakama na mabunge. Ed O'Bannon, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa kikapu wa UCLA, aliiona sura yake ndani ya mchezo wa video uliokuwa ukiuzwa madukani, na yeye hana hata senti. Akashitaki mwaka 2009. Mwaka 2019 jimbo la California likapitisha sheria ya kumruhusu mwanamichezo wa chuo kufaidika na jina na sura yake, na majimbo mengine, yakihofia kwamba vijana wao watakimbilia huko, yakafuata. Tarehe 21 Juni 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani waliamua, katika shauri lililohusu posho za kielimu, kwamba NCAA haina kinga mbele ya sheria za ushindani wa biashara. Siku kumi baadaye, tarehe 1 Julai, mlango wa udhamini ukafunguliwa.

Wengi walitarajia biashara ya kawaida: mchezaji atatangaza magari ya muuzaji wa mjini kwake, au atatia sahihi jezi kwa malipo. Hayo yalitokea. Lakini matajiri wapenzi wa timu, ambao zamani walipeana bahasha gizani, walitambua kwamba sasa waweza kuchanga hadharani. Wakaunda vyama vya wachangaji, kila chuo na chama chake au viwili, vilivyokusanya mamilioni na kuwagawia wachezaji kwa jina la udhamini, ijapokuwa mara nyingi hapakuwa na bidhaa iliyodhaminiwa wala tangazo lililoonekana. Kwa kuwa daftari la uhamisho, lililofunguliwa mtandaoni Oktoba 2018, lilikwisha kumrahisishia mchezaji kuhama, na kanuni za mwaka 2021 zilimruhusu kucheza papo hapo, udhamini ukawa ndio usajili wenyewe, na kila mwaka wachezaji wote wa timu wakawa kama wako sokoni, isipokuwa soko hili halikuwa na mikataba ya kumfunga muuzaji wala mnunuzi.

Hapo ndipo pana uchungu, na ningependa msomaji atue. Jaden Rashada, kwotabeki wa sekondari kutoka California, aliahidiwa, kwa mujibu wa mashitaka aliyofungua mahakamani Mei 2024, dola milioni 13.85 ili achague Chuo Kikuu cha Florida badala ya Miami. Alichagua Florida. Kabla hajacheza hata dakika moja mkataba ulivunjwa, naye akaomba kuachiliwa, akaenda Arizona State. Walioshitakiwa, akiwamo kocha wa Florida wa wakati ule, walikana kufanya hiana. Vyovyote iwavyo, ni kijana ambaye hajamaliza sekondari aliyeketi mezani na watu wazima wenye mawakili, akasoma tarakimu ambayo ukoo wake mzima haukupata kuiona, akaijengea maisha yake, kisha akaambiwa haipo. Mchezaji wa kulipwa ana chama cha kumtetea na mkataba wa pamoja. Huyu hakuwa na kimoja.

Je, fedha zanunua ushindi? Mwaka 2022 Texas A&M ilisajili kundi la wachezaji wapya lililohesabiwa kuwa bora kuliko yote, na Nick Saban, kocha mashuhuri wa Alabama, akasema hadharani kwamba wamewanunua; kocha Jimbo Fisher wa Texas A&M akakana kwa hasira. Msimu ulipoanza, Septemba ya mwaka ule ule, timu hiyo ilifungwa kwake nyumbani pointi 17 kwa 14 na Appalachian State, chuo cha milimani kilicholipwa kuja kucheza, na ikamaliza kwa kushinda michezo 5 na kupoteza 7. Kipaji kipya huhitaji kufundishwa, na vipaji ishirini vilivyokutana jana havijawa timu.

Hata hivyo, ni makosa kusema fedha hazikubadili kitu. Mashindano ya taifa ya timu nne yalipoanzishwa mwaka 2014 yaliendelea kwa misimu 10, yaani nafasi 40 kwa jumla; Alabama ilichukua 8, Clemson 6, Ohio State 5, na Oklahoma 4, kiasi kwamba vyuo vinne, katika zaidi ya mia moja, vilikalia nafasi 23. Huo ndio usawa uliodaiwa kulindwa na ridhaa! Palipokatazwa fedha, vyuo vilishindana kwa yasiyokatazwa, yaani majumba ya mazoezi, jina la kocha, na ahadi ya kumfikisha kijana katika ligi ya kulipwa, na katika hayo wakubwa hawakuwa na mpinzani. Mchezaji hodari wa nafasi ya tatu alikubali kusubiri Alabama miaka miwili bila kucheza, kwa sababu kwingine asingelipwa zaidi, na kuhama kungempotezea mwaka. Mara alipopata ruhusa ya kwenda anakotakiwa, na kulipwa huko, akiba ile ya vipaji iliyolundikwa mahali pamoja ilianza kutawanyika.

Mfano ulio mkubwa ni Indiana, chuo ambacho timu yake ilikuwa imehesabiwa kushindwa mara nyingi kuliko timu yoyote ya daraja la juu. Mwaka 2023 ilishinda michezo 3 kati ya 12. Akaja kocha Curt Cignetti kutoka chuo cha James Madison, na wachezaji 13 wakamfuata. Mwaka 2024 timu ikashinda 11, na katika msimu wa 2025, ikiongozwa na Fernando Mendoza, kwotabeki aliyehamia kutoka Chuo Kikuu cha California na kutwaa Heisman, ikanyakua ubingwa wa taifa bila kufungwa hata mara moja. Texas Tech nayo, kwa nguvu za wachangaji walioongozwa na Cody Campbell, tajiri wa mafuta aliyepata kuichezea mwenyewe, iliutwaa ubingwa wa ligi yake, Big 12, mwaka huo huo.

Wanaofurahia habari hizi wasisahau kuuliza wachezaji hao wametoka wapi. Pengo halikuzibwa, limeshuka ngazi. Zamani lilikuwa kati ya wanne na waliobaki. Sasa ni kati ya ligi kubwa zenye fedha za televisheni na vyuo vya chini, ambavyo humwokota kijana asiyetakwa, humlea miaka miwili, kisha humwona akichukuliwa mara anapoiva, pasipo ada ya uhamisho kama ile inayolipwa klabu ndogo katika kandanda. Ada hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo dawa iliyosahauliwa. Kumlipa mchezaji ni insafu, lakini aliyemlea naye ana stahiki yake.

Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya shauri liitwalo House, ambayo kwayo NCAA na ligi kubwa zitalipa takriban dola bilioni 2.8 kwa wanamichezo wa miaka iliyopita, na kila chuo kinachotaka chaweza kuwagawia wanamichezo wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Mapatano ya nje ya kuanzia dola 600 sharti yapelekwe kukaguliwa, ili ijulikane kama yana biashara ya kweli nyuma yake. Kikomo hicho huonekana kama usawa, lakini chuo cha chini hakina milioni 20 za kugawa, na sehemu kubwa ya fungu hilo huelekezwa kwenye futiboli, ilhali riadha na kuogelea huambulia makombo. Habari hii yawagusa Waafrika Mashariki pia, kwani tangu zamani za Henry Rono, Mkenya aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, wakimbiaji wetu wamesomeshwa na vyuo vya Marekani; nao, kwa kuwa viza ya mwanafunzi huzuia kazi nyingi za malipo, aghalabu hukaa pembeni wakiwatazama wenzao wa chumba kimoja wakitia sahihi.

Soko hilo lilionyesha nguvu zake Desemba 2024: chuo cha Marshall cha West Virginia, ambacho mwaka 1970 kilipoteza karibu timu nzima katika ajali ya ndege na kikajijenga upya, kilitwaa ubingwa wa ligi yake, Sun Belt. Mara kocha akaondoka kwenda Southern Miss, na wachezaji wengi wakaandika majina yao katika daftari la uhamisho, hata Marshall, bingwa wa juzi, ikatoa taarifa kwamba haina watu wa kutosha kucheza Independence Bowl mjini Shreveport. Ikaitwa Louisiana Tech kuziba nafasi. Mpinzani aliyekuwa akiwasubiri ni Army, timu ya chuo cha kijeshi cha West Point, ambacho wanafunzi wake, kwa kuwa wamo katika utumishi wa serikali, hawaruhusiwi kuuza majina yao kwa mfanyabiashara yeyote. Tarehe 28 Desemba Army ilishinda kwa pointi 27 kwa 6, ukiwa ushindi wake wa 12 msimu ule.