Ski Bila Theluji: Vile Wasee wa Baridi Hupiga Tizi Kabla ya Msimu, na Kwa Nini Masaku Tunafaa Kuskiza

Oktoba ikifika, mbogi yetu ya mbio za nyika hapa Masaku inaanza tizi. Saa kumi na mbili kasorobo, giza bado, umande kwa nyasi, tunaanza kupanda kuelekea milima ya Iveti. Na kila mwaka, wiki ya kwanza, lazima mtu aulize:

"Kocha, spidi tunapiga lini?"

Kocha hata hageuki. "Spidi iko Januari. Leo ni kukimbia ukipiga stori. Ukishindwa kuongea, umeenda mbio sana."

Hiyo form huwaboesha wasee. Mwaka jana tulianza kumi na wanne. Kufika Krismasi tulikuwa sita. Wale wengine walirudi Januari na viatu vipya, wakataka kuingia mbio moja kwa moja. Najua vile iliwaendea, juu mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa mmoja wao. Kilomita mbili za kwanza nilikuwa na watu wa mbele, nikijiona. Ya tatu miguu ikazima kama simu ya chaji moja. Nilipitwa hadi na kijana wa shule ya msingi.

Na maze, si mchezo tu. Polisi, magereza na jeshi wote wana timu za riadha. Kwa kijana wa hapa ambaye hana wa kumshika mkono, kumaliza vizuri kwa mbio za nyika kunaweza kumfungulia njia ya kuvaa gwanda na kupata mshahara. Kuna watu kwa mbogi yetu wanaamka saa kumi na moja juu ya hiyo ndoto pekee.

Sasa acha nikupeleke mahali hukutarajia somo la Kocha lingetoka: kwa theluji.

Mkenya aliyefika wa mwisho

Kuna ski za aina nyingi. Ile unaona kwa movie, msee akiteremka mlima kama mathree imekata breki, weka kando. Tunaongelea ski za nyika. Hapa unajisukuma mwenyewe kwa miguu na fimbo mbili, panda shuka, kilomita 10, 15, hata 50. Ni binamu wa mbio za nyika kabisa.

Mwaka wa 1996, kampuni ya Nike ilidhamini jaribio moja noma. Ilichukua wakimbiaji wawili Wakenya, Philip Boit na Henry Bitok, ikawapeleka Finland wafunzwe ski. Boit alikuwa mtu wa mita 800, wa familia moja na Mike Boit aliyeleta shaba ya mbio hizo kutoka Olimpiki ya Munich 1972. Wazo lilikuwa rahisi: Mkenya ana mapafu, mpe ski, tuone.

Februari 1998, Boit akasimama kwa laini ya Olimpiki ya Nagano, Japan, mbio za kilomita 10. Hakuna Mkenya alikuwa amewahi kushiriki Olimpiki ya baridi. Siku hiyo hali ilikuwa ngori. Mvua ilikuwa imelainisha theluji, ikawa inanata chini ya ski. Boit akaanguka, akainuka, akasonga. Alimaliza nambari 92, wa mwisho kabisa, kwa dakika 47 na sekunde 25.

Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa ametumia dakika 27 na sekunde 24. Lakini alibaki pale kwa utepe akimngoja Mkenya, hata sherehe ikabidi isubiri. Boit alipofika, Dæhlie akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina Daehlie.

Watu hupenda hiyo stori juu ya ile hagi. Mimi swali langu ni lingine: zile dakika 20 zilitoka wapi?

Si mapafu

Wakati huo Kenya ilikuwa moto. Kuanzia 1986 hadi 2003, timu ya wanaume ilishinda mbio ndefu za dunia za nyika mara 18 mfululizo. Kwa hivyo tusiseme ilikuwa shida ya pumzi.

Shida ni hii. Ukikimbia, miguu ndiyo hufanya kazi kubwa. Kwa ski za nyika, mikono, mgongo, tumbo na miguu zote ziko kazini kwa wakati mmoja, na zote zinagombania damu na hewa. Halafu kuna ufundi. Kwa mtindo ule wa zamani ambao Boit alitumia Nagano, ski hupakwa nta katikati. Ukikanyaga vizuri, nta inashika theluji na unajisukuma. Kisha unahamisha uzito wote kwa mguu mmoja na unateleza. Ukikosea kidogo, ski inarudi nyuma ama inakumwaga.

Mtoto wa Norway huanza kujifunza hiyo balansi akiwa mdogo sana. Boit alikuwa na miaka miwili. Injini ilikuwa kali, lakini gia bado zilikuwa mpya kwake.

Kwa maneno mengine, dakika nyingi kati ya zile 20 zilipotea kabla ya mbio kuanza.

Klabu ya ski hufanya nini theluji ikiwa haijafika?

Hapa ndipo nilishangaa. Kombe la Dunia la ski za nyika kawaida hufunguliwa mwisho wa Novemba. Lakini wenyewe huanza mwaka wao wa tizi mwezi wa tano, nje kukiwa na jua na nyasi. Hivi ndivyo wanajipanga:

1. Masaa mengi, polepole. Sehemu kubwa sana ya tizi, karibu nne kwa tano, ni mwendo mwepesi wa kuongea. Kukimbia, baiskeli, kutembea milimani. Hii inajenga moyo na mishipa bila kukuvunja.

2. Rola. Ni ski fupi zenye magurudumu, za kutumia kwa lami. Mwili unakumbuka mwendo hata bila theluji. Boit mwenyewe alizitumia kufanya tizi huku nyumbani.

3. Kupanda mlima na fimbo. Wanachukua fimbo za ski, wanapanda mlima kwa hatua ndefu za kuruka. Miguu inachomeka, mikono inachomeka, na goti haliumii sana kama kukimbia kwa lami.

4. Nguvu ya juu. Kuvuta mwili kwa chuma, tumbo, mgongo. Kwa ski, mkono mlegevu ni sawa na mguu mmoja mfupi.

5. Theluji ya akiba. Davos, Uswisi, wanarundika theluji ya msimu uliopita, wanaifunika kwa vumbi la mbao majira yote ya joto, na Oktoba wanaitandaza. Vuokatti, Finland, walijenga hata handaki la ski mwaka wa 1997. Yote hiyo ni ili wiki za kwanza za msimu zisiwapate wakiwa wageni.

6. Makali mwishoni. Msimu ukikaribia ndipo wanaongeza tizi za kuuma, mfano dakika nne kali, tatu za kupumua, mara nne. Na mbio za kwanza wengi huzitumia kama kipimo, kuona nini bado kimelegea.

Soma hiyo orodha tena. Spidi iko wapi? Iko mwisho. Kocha wetu hajawahi kuguza theluji, lakini anaongea lugha moja na watu wa Norway.

Tunaitoa wapi hapa?

Rola za ski sijawahi kuona Masaku. Ukizipata, usizijaribu Kyamwilu, pale magari huonekana yakijipandisha mlima yenyewe, juu hatutajua utaishia upande gani. Lakini vitu vingine vyote viko. Milima ya Iveti na Mua haitozi kiingilio. Fimbo mbili unakata kwa shamba la shosho, bora umwombe kwanza.

Kama unaanza leo, jaribu wiki nne hivi: siku tatu za kukimbia ukiongea, kuanzia dakika 30 na kuongeza tano kila wiki, siku moja ya kupanda mlima na fimbo, mara sita, ukishuka kwa kutembea, siku mbili za kazi ya tumbo na mikono, dakika 20 tu. Jumapili lala. Kisha kula vizuri, na muthokoi ni mafuta tosha.

Spidi usiguse bado. Najua inawasha. Mimi niliacha college mwaka wa pili, na nikiangalia nyuma, masomo nilikuwa nayafanya vile nilifanya ile mbio: kimya muhula mzima, kisha kukesha wiki ya mtihani. Najua vizuri sana kutaka Januari bila kulipia Oktoba.

Boit hakuishia Nagano. Alirudi Olimpiki ya Salt Lake City 2002, kisha Turin 2006. Mtu aliyeachwa kwa dakika 20 mbele ya dunia nzima alirudi kwa rola zake, akaanza tena mwanzo wa msimu kama kila mtu.

Jumamosi tuko Iveti, saa kumi na mbili kasorobo. Tumebaki kumi na mmoja. Kocha amesema leo ni kuongea tu.