Mwenyeji ni zumari: miaka 40 ya The Chieftains

Mpiga zumari wa Kiayalandi hapulizi kwa mdomo. Anaketi kitini, anafunga mkanda kiunoni, na chini ya mkono wa kulia anabana mvukuto mdogo, ndugu wa ule wa mhunzi. Kiwiko kikipanda na kushuka, upepo unasukumwa hadi kwenye mfuko wa ngozi uliobanwa chini ya mkono wa kushoto. Mrija wa vidole unasimama juu ya paja lililofunikwa kipande cha ngozi. Akiukandamiza pale, sauti inakatika papo hapo, kama mtu aliyemeza neno. Mirija mingine mitatu inavuma chini bila kukoma. Zumari hii inaitwa uilleann, jina lililotokana na neno la Kiayalandi la kiwiko.

Nimeanza na zumari kwa sababu usipoijua, albamu ninayotaka kuwaeleza leo itaonekana kama orodha ya majina makubwa tu. Ni The Wide World Over, iliyotoka mwaka 2002 The Chieftains walipotimiza miaka 40. Ukisoma jalada unakutana na Rolling Stones, Sting, Joni Mitchell, Van Morrison, Sinéad O'Connor, Ziggy Marley. Rafiki yangu wa Tanga nilipomtumia orodha hiyo aliniuliza, "Sasa Chieftains wenyewe wako wapi?" Wako kila mahali, nikamjibu, na kila mgeni aliyeingia humo amevua viatu mlangoni.

Kikundi kilizaliwa Dublin mwaka 1962. Kabla ya hapo, muziki wa asili wa Ayalandi ulipigwa zaidi kwa ajili ya kucheza. Katika bendi za dansi za vijijini, ala zote zilishika tuni moja kwa pamoja, kwa nguvu, ili miguu isipoteze mwendo. Aliyeibadilisha hali hiyo ni mtunzi Seán Ó Riada. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikusanya wapigaji wa asili akawapanga upya: fidla ipewe zamu yake, filimbi ijibu, zumari iingie peke yake, kisha wote wakutane. Akataka watu wakae wasikilize. Kwa mtu aliyekua akisikia kanuni na fidla zikipokezana katika bashrafu kabla mwimbaji wa taarab hajasimama, mpangilio huo haumpi tabu kuuelewa.

Paddy Moloney alipiga zumari katika kundi la Ó Riada, na kutoka hapo akaunda lake. Alikuwa na Seán Potts na Michael Tubridy kwenye filimbi, Martin Fay kwenye fidla, na David Fallon kwenye bodhrán, ngoma ya ngozi ya mbuzi inayofanana sana na dufu letu, ila hupigwa kwa kijiti kifupi badala ya vidole. Santuri ya kwanza ilitolewa na Claddagh, kampuni ndogo ya Dublin. Kwa zaidi ya miaka 10 muziki ulikuwa kazi ya jioni; Moloney mwenyewe alikuwa mhasibu katika kampuni ya vifaa vya ujenzi. Mambo yaligeuka mwaka 1975, walipotumbuiza Royal Albert Hall jijini London siku ya Mtakatifu Patrick, na muziki wao ukaingia katika filamu ya Barry Lyndon ya Stanley Kubrick.

Wageni wakaanza kuja. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wakidhani ni mbinu ya biashara tu. Biashara ilikuwemo, sikatai, lakini tazama njia walizopitia wageni hao. Kati ya 1845 na 1852, viazi vilipooza mashambani na utawala wa Uingereza ukashindwa kuwaokoa watu, Waayalandi wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Walikwenda na tuni zao kichwani. Kwa hiyo Ricky Skaggs, mwana wa Kentucky, anapoimba nao wimbo wa milimani kwao Marekani, mnasikia fidla mbili zinazotambuana. Carlos Núñez anatoka Galicia, Uhispania, wanakopiga zumari ya mfuko kwa karne nyingi, naye na Moloney wanashindana kama watoto wa shangazi na mjomba. Sting anaimba kwa Kiayalandi, katika wimbo wa kumlilia mwanamfalme aliyeshindwa vita karne ya 18. Rolling Stones wanaingia katika wimbo wa safari ya kwenda Dublin, na katikati mtu anachomeka ile gita ya wimbo wao Satisfaction. Hilo la mwisho ni furaha tupu, sina la kuchambua. Diana Krall na Art Garfunkel wananipita; sauti zao ni nzuri, ila sukari imezidi.

Wimbo alioimba Sinéad O'Connor ni habari nyingine kabisa. Unasimulia uasi wa Pasaka 1916, Waayalandi wachache waliposhika silaha Dublin dhidi ya Waingereza, wakati maelfu ya ndugu zao walikuwa wakifa mbali, katika Vita Kuu ya Kwanza, ndani ya sare za Uingereza. Jirani yangu hapa Dublin ninakoishi, mzee wa zaidi ya miaka 80, alikuja jioni moja kurudisha ngazi. Sauti ya Sinéad ilipoanza alisimama mlangoni ngazi ikiwa bado begani, hakusema neno, hadi wimbo ukaisha. Kisha akaniambia babu yake alipigana Ufaransa na medali zake zilifichwa kabatini maisha yake yote, kwa sababu aliporudi nchi ilikuwa imegeuka. Nikamweleza maana ya jina Kariakoo: kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita ile ile, wengi wao wasirudi, na jina lao likabaki sokoni Dar es Salaam na Nairobi. Tuliongea hadi chai ikapoa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo naisikia zaidi pale Joni Mitchell anapoimba The Magdalene Laundries. Kwa miongo mingi nchini humu, wasichana walioshika mimba nje ya ndoa, mayatima, au waliosemwa tu kwamba ni wazuri kupita kiasi, walifungiwa katika nyumba za kufulia nguo zilizosimamiwa na masista. Walifua bila mshahara. Mwaka 1993 masista wa nyumba mojawapo, mtaa wa Drumcondra hapa Dublin, waliuza ardhi yao, na makaburi yalipofukuliwa ikakutwa miili 155. Mitchell, Mkanada, alizisoma habari hizo gazetini akatunga wimbo, akautoa mwaka 1994. Nyumba ya mwisho ilifungwa 1996. Serikali iliomba radhi 2013. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1999, The Chieftains walimwalika auimbe tena pamoja nao, na miaka mitatu baadaye wakauweka katika albamu ya sherehe yao. Fikirini: unasherehekea miaka 40, nyumba imejaa, na unampa mgeni nafasi aseme aibu iliyofichwa uvunguni. Zumari inavuma chini ya sauti yake kama watu wanaoitikia dua. Kwa hilo peke yake ninamheshimu Moloney.

Ziggy Marley naye amekuja na wimbo wa baba yake, Redemption Song wa 1980, ambao wengi wetu tuliuimba kabla ya kuelewa Kiingereza chake. Kuna anayeweza kuona Jamaika na Ayalandi hazihusiani. Lakini katika Karibi kuna kisiwa cha Montserrat, ambako tarehe 17 Machi ni sikukuu kwa sababu mbili: ndiyo siku ya Mtakatifu Patrick, na ndiyo siku ambayo mwaka 1768 watumwa walipanga kuasi, wakijua mabwana zao, wengi wao wenye asili ya Ayalandi, watakuwa wamezama katika ulevi wa sikukuu. Waayalandi walionewa, na wengine wao wakaonea. Sisi wa pwani, tulio na historia ya utumwa pande zote mbili za familia moja, tunaweza kuusikiliza wimbo huo katika zumari yao bila kushangaa.

Ukitaka kuanza, anza na Carolan's Concerto, tuni ya Turlough O'Carolan, mpiga kinubi kipofu aliyefariki mwaka 1738. Wanaipiga pamoja na Belfast Harp Orchestra, vinubi vingi kwa mkupuo. Mpiga kinubi wa The Chieftains alikuwa Derek Bell, mwana wa Belfast aliyewahi kupiga katika okestra kubwa na kuvaa tai hata jukwaani penye wenzake wa sweta. Alifariki tarehe 17 Oktoba 2002 huko Phoenix, Arizona, mwaka ule ule wa albamu. Ninapoisikiliza tuni hiyo sasa, natafuta kinubi kimoja kati ya vile vyote. Kuna mahali, karibu na mwisho, ninaamini nimekipata.