Mtaalamu wa Maji ya Chini ya Ardhi

Haidrojiolojia ni tawi la jiolojia linalochunguza maji ya chini ya ardhi: yanavyoingia, yanavyohifadhiwa na yanavyosafiri katika miamba. Msingi wa hesabu zake uliwekwa mwaka 1856 na mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyepima mwendo wa maji yanayopita kwenye mchanga. Katika nchi zinazoendelea, ambako vijiji na miji mingi hutegemea visima, mtaalamu wa fani hii hukabili maswali matatu: maji yako wapi, yanafaa kunywewa, na yatadumu?

Swali la kwanza ni gumu kwa sababu sehemu kubwa ya Afrika imelala juu ya miamba ya kale, kama granaiti. Mwamba mzima wa aina hiyo haupitishi maji. Maji hukaa katika tabaka la juu lililochakaa na katika nyufa zilizo chini yake. Ndiyo maana kisima kimoja hutoa maji mengi, na cha jirani kikatoka kikavu. Mtaalamu huanza na ramani za jiolojia, picha za setilaiti na kumbukumbu za visima vya karibu, kisha hupima ukinzani wa umeme ardhini. Mwamba mkavu hupitisha umeme kwa shida. Wenye maji huupitisha kwa urahisi zaidi. Lakini udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi pia hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakitoshi.

Uhakika huja wakati wa kuchimba. Mtaalamu huchunguza vipande vya mwamba vinavyotolewa na mtambo, huamua mabomba yenye matundu yakae kina gani, kisha husimamia jaribio la pampu. Maji huvutwa kwa saa nyingi huku kina chake kikipimwa. Pampu ikizimwa, hupimwa kasi ya maji kupanda tena. Vipimo hivyo ndivyo vinavyoonyesha kisima kinaweza kutoa kiasi gani bila kukauka.

Swali la pili, la ubora, hujibiwa maabara, kwani maji maangavu yanaweza kuwa na madhara. Katika maeneo ya volkano ya Arusha na Kilimanjaro, visima na chemchemi nyingi zina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi ikizidi hubadilisha rangi ya meno, na kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Chumvi nayo huharibu matumaini. Mwaka 2013 Kenya na UNESCO walitangaza kugunduliwa kwa hifadhi kubwa ya maji huko Lotikipi, Turkana. Uchimbaji uliofuata ulionyesha kwamba maji hayo yana chumvi mno kwa kunywa.

Swali la tatu huhitaji subira ya miaka. Dodoma hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka visima vya Makutupora, ambako kina cha maji kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature Climate Change ulitumia kumbukumbu hizo kuonyesha kwamba hifadhi hiyo hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Katika miaka mingi ya kawaida, maji yanayoingia ni kidogo au hakuna kabisa. Wastani wa mvua wa mwaka, basi, hautoshi kupanga matumizi ya mji.

Kijana anayetaka kazi hii anahitaji fizikia, kemia, hisabati na jiografia, kisha shahada ya jiolojia au uhandisi wa maji. Nchini Tanzania masomo hayo hutolewa, miongoni mwa vyuo vingine, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Maji. Waajiri ni Wizara ya Maji, bodi za maji za mabonde, wakala wa maji vijijini (RUWASA), kampuni za uchimbaji na mashirika ya misaada. Fedha za miradi mara nyingi huishia kisima kinapozinduliwa, ilhali kazi ya kupima kina na ubora wa maji ndiyo kwanza inaanza. Bajeti ya kisima isiyo na fungu la vipimo hivyo haijakamilika.